Simu ya Saa Nne kutoka Milimani

Saa nne asubuhi, Jumanne na Alhamisi, simu ya mezani kwa Gwakisa Mwakalinga hailii tena. Wenzake ofisini hawajagundua. Ni ofisi ndogo huko Falls Church, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, na kila mtu pale ameziba masikio kwa muziki wake. Lakini yeye, ikifika saa nne, husogeza kikombe cha chai mbali na simu, kama anayempisha mgeni kitini, kisha baada ya muda hukirudisha.

Alizaliwa Tukuyu. Alikuja Marekani kusoma mwaka 1998, akaegesha magari ya wageni hotelini, akajifunza kompyuta jioni, akaoa, akanunua nyumba Lanham. Mkewe, Bupe, alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao, Jacqueline, anaishi Columbia na watoto wawili ambao humsikiliza babu yao akiongea Kiswahili, wakamwelewa, wakamjibu kwa Kiingereza. Kila asubuhi Gwakisa huendesha gari kutoka Lanham mpaka kazini, redio ikiwa imezimwa.

Kazi yake ni kuyasaidia majimbo kuomba ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya mifumo ya hati za magari. Ukimwuliza ni kitu gani hicho, hukueleza kwa mfano mmoja. Gari limezama kwenye mafuriko katika jimbo fulani. Mjanja analinunua kwa bei ya chuma chakavu, analikausha, analipulizia manukato, analivusha mpaka jimbo jingine. Karani wa huko haoni historia yake, anatoa hati safi. Mifumo ikiunganishwa, karani huuliza kompyuta na kujibiwa papo hapo, kabla ya kugonga mhuri. Kuunganisha ni gharama, ndiyo maana jimbo huomba. Ofisi yake ya magari inaeleza shida yake na mpango wake, mkuu wake anatia saini, na yote yanapita kwenye tovuti ambayo haimpokei mwombaji ambaye usajili wake umeisha muda. Likikwama, jimbo humpigia Gwakisa. Likishaunganishwa, halina tena la kumwuliza.

Wamaitha alipiga mara ya kwanza mwezi wa tatu, mwaka juzi, kutoka jimbo dogo la milimani huko magharibi. Alikuwa karani wa hati aliyetupiwa kazi ya kuandika ombi. Aliongea Kiingereza kikavu cha ofisini, mpaka alipokohoa, na Gwakisa, bila kufikiri, akasema, "Pole."

Kiingereza kikaishia hapo.

"Haiya! Wewe ni wa wapi?"

"Tanzania."

"Nilijua! Ni Mtanzania tu anaweza kumpa pole mtu hajawahi kumwona. Mimi ni Wamaitha, wa Nyeri. Huku, mtu mwingine wa Kiswahili yuko masaa matano kwa gari, na hatuongei."

"Kwa nini?"

"Aliniuzia mbuzi mgonjwa."

Gwakisa alicheka mpaka jirani yake wa meza akageuka.

Basi ikawa desturi. Saa nne ya huku ni saa mbili ya kwao, ofisi ikifunguliwa. Dakika kumi za kazi, dakika tano za kubishana.

"Hiyo logibuku ya mteja..."

"Kadi ya gari, dada."

"Kadi ni ya harusi, mzee!"

Alikuwa na mume na wavulana watatu, na aliwataja mara kwa mara. Gwakisa aliuliza hali zao kila wiki. Hakuwahi kuomba namba yake ya mkononi. Simu ya kazi haikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote. Simu isiyo ya kazi ingehitaji.

Siku moja Wamaitha alimweleza kwa nini ombi lile lilimkaa rohoni. Mama mmoja, mfanyakazi wa jikoni shuleni, alisajili gari kwenye dirisha lake. Lilikuwa limezama jimbo jingine. Lilipogonga nguzo, mifuko ya hewa haikufunguka. Mama yule alirudi dirishani kwa magongo kuuliza ni nani aliyesema gari lile ni zima. "Mhuri ni wangu, mzee," alisema. "Nilimwangalia tu."

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, zikiwa zimebaki wiki tatu maombi yafungwe, Gwakisa alikuwa akikagua ombi lao huku Wamaitha yuko kwenye simu. Macho yake yakaangukia tarehe. Usajili wa ofisi yao ungeisha tarehe tisa mwezi wa sita. Maombi yalifungwa tarehe kumi na moja. Kuuhuisha huweza kuchukua wiki tatu nzima. Wasipoanza sasa, tovuti ingewakataa, na wangeanza upya mwaka ujao.

Alifungua mdomo.

"Tukipata hii pesa, mzee," Wamaitha alikuwa akisema, "sitakusumbua tena."

Akaufunga.

Mwaka mmoja zaidi. Jumanne na Alhamisi. Ijumaa alijiambia kwamba huenda wameshaona wenyewe. Jumamosi alifagia njia iliyokuwa safi. Jumapili alikula kwa Jacqueline, na mjukuu wake akamwuliza, kwa Kiingereza, kwa nini babu haongei leo. Aliporudi Lanham alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba, mikono kwenye usukani, akimfikiria mwanamke wa magongo mbele ya dirisha, na mwingine ambaye angefika dirishani pale katika mwaka ule anaouiba.

Jumatatu alifika kazini saa mbili. Akangoja saa nne. Siku zote Wamaitha ndiye aliyepiga. Safari hii alipiga yeye.

"Leo umenipigia? Nani amekufa?"

Akamweleza tarehe zote mbili.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo ni Jumatatu, Gwakisa." Hakuwahi kumwita kwa jina tupu.

"Najua."

Simu ikakatwa. Wiki zile Wamaitha alipiga kila siku, kwa Kiingereza. Usajili ulipita siku ya mwisho, zikiwa zimebaki saa sita tovuti ifungwe.

Majibu yalikuja vuli, na Wamaitha akapiga, saa nne kamili.

"Tumepata, mzee."

"Hongera, dada. Hongera sana."

"Zile siku nne ulizonyamaza."

"Naam."

"Nilikasirika. Nikahesabu pia maswali niliyokuuliza huku jibu nalijua." Akakohoa. Gwakisa akangoja, kisha akasema, "Pole."

"Asante," akasema Wamaitha, kisha akakata simu.

Jimbo lake liliunganishwa mwezi wa pili mwaka huu. Gwakisa Mwakalinga bado anafanya kazi Falls Church, meza ya tatu kutoka dirishani, na anaishi peke yake Lanham.