Vumbi la Ghala la Mama

Nilisoma gumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa na mvi za kutosha kufuma sweta, na kila nilipotoka darasani nilirudi nyumbani Kebirigo na jambo jipya la kutia chumvi. Mwalimu akisema popo anakula wadudu, nyumbani popo wangu alikula kuku. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu baba afariki, kumchekesha ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa.

Ndiyo maana somo la panya nililiharibu. Mwalimu alisema panya wa porini wanaweza kubeba virusi kwenye mkojo na kinyesi, na ukifagia kinyesi hicho kikiwa kikavu, unavuta ugonjwa pamoja na vumbi. Ukilowanishe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha ukipanguse. Mimi nikamwambia Mama kwamba panya wa mashamba ya chai wana ugonjwa wa kuangusha fahali tisa kwa chafya moja.

"Tisa tu?" akauliza. "Leo umechoka."

Wiki ya kuvuna wimbi nilimkuta ameinama ndani ya ghala, ufagio mkononi, kinyesi kimetapakaa sakafuni kama pilipili manga. Safari hii sikutania. "Mama, toka kwanza. Nilete maji."

"Maji kwenye ghala, baba? Nafaka ikiota ukungu tutakula nini?" Kwetu ghala hufagiwa kavu, tangu enzi za bibi yake. "Nenda ukawatibu fahali wako."

Nikacheka. Nikaenda kuchuma chai.

Baada ya wiki mbili hivi homa ikamshika, mgongo ukamuuma, halafu pumzi zikawa fupi. Hospitalini wakapima malaria, hakuna, taifodi, hakuna. Nikamweleza daktari habari ya ghala. Akaandika, akasema inawezekana, ila kipimo cha ugonjwa huo wa panya hawana. Siku ya tatu Mama akafariki. Mpaka leo sijui kama ni lile vumbi. Najua tu kwamba niliondoka pale mlangoni.

Mazishini nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema kinyesi cha panya lowanisheni, msikifagie kikavu. Watu wakaanza kutabasamu, wakingoja kichekesho. Nikarudia.

Dada yake Mama, aliyetoka Suneka, akauliza polepole, "Maji kiasi gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikachota ndoo ya maji, nikamwongoza hadi mlango wa ghala.