Alisema Sitatoboa

Ilianza siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa harufu. Ilikuwa harufu ya vumbi la mawe iliyochanganyika na ya mota iliyopata moto, kama mahindi yaliyosahauliwa kwenye makaa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, shule zimefungwa, na Embu ilikuwa na ile baridi yake ya kuingia hadi kwenye meno. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati ya Majimbo, mtaa wetu, nguo hazikauki kwenye kamba, na kila nyumba ilinuka moshi na soksi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Sasa nina kumi na minane na bado ni mtu wa aibu, siwezi kudanganya. Mgeni akibisha hodi mbele, mimi huwa nimeshafika jikoni. Lakini asubuhi ile harufu ilinitoa jikoni mbio, kwa sababu niliijua. Dirili ya baba ilikuwa imewashwa.

Baba alikuwa fundi wa kufunga gata za maji ya mvua, rafu na vyuma vya pazia. Dirili yake ilikuwa ile ya kugonga, inayozunguka huku ikipiga ukuta kama nyundo, na kwetu ilikuwa na heshima kama ya ng'ombe wa maziwa. Kitabu cha shule kiliiita keekee, lakini hakuna mtu mtaani aliyewahi kulitamka neno hilo, na jirani zetu wengi walisema ndirili. Kila jioni baba aliipiga mswaki kwenye matundu ya kupumulia, akaukagua waya wake kidole kwa kidole akitafuta mahali palipochubuka, akapangusa biti, ile ncha ya kutobolea, ndipo akala. Mimi nilikaa kando nikimshikia tochi. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka. Ufunguo wa kukazia biti aliufunga kwenye waya kwa uzi wa katani, ule ambao mama alisukia vikapu vyake vya viondo, tena aliufunga karibu kabisa na plagi. Uzi ulikuwa mfupi makusudi. Ufunguo haungeweza kufika kwenye mdomo wa dirili mpaka kwanza ung'oe plagi ukutani. "Mkono husahau," alizoea kusema, "uzi hausahau."

Kisha akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na bega lake likapona vibaya. Mkono wa kulia haukuweza tena kupita kifua. Dirili ikalala chini ya kitanda. Na chombo kikilala, wenye macho huamka. Ijumaa ile baba mdogo Njiru, mdogo wake baba, aliingia na mafla shingoni, akaitoa dirili na kuitangazia nyumba nzima kwamba anaichukua, iwe yake. Alikuwa na gata za kufunga kwake kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

"Baba Wawira, wewe huna kijana," alisema, akimwita baba kwa jina langu na papo hapo akinifuta. "Hii itaozea hapa. Ni nani ataishika, hawa wapika ugali?"

Jina hilo Wawira kwa Kiembu ni mtu wa kazi. Nalo ni la nyanya yangu aliyewazaa wote wawili, na ndiyo maana baba huniita Maitu, yaani mama yangu. Kwa mila yetu, baba mdogo naye alipaswa kuniita hivyo. Siku hiyo nilikuwa mpika ugali, nikiyasikia yote kutoka jikoni.

Alitaka kuijaribu kwanza, kwa hiyo akachomeka plagi na kutafuta biti ya kuweka. Ufunguo haukufika. Akatoa kisu, akakata uzi.

"Njiru, huo uzi una kazi," baba alisema.

"Kazi ya uzi ni kiondo," akajibu, na mama, aliyekuwa mezani akisuka kiondo, akacheka bila kupenda.

Baba mdogo alianza kutoboa ukuta wa sebule, mafla ikipepea karibu na biti, macho wazi bila miwani. Hapo ndipo ile harufu iliponitoa jikoni. Ubavuni mwa dirili kuna kidude kidogo. Ukikibonyeza huku umeshika swichi, mashine huendelea kuzunguka hata ukiachilia kidole. Alikibonyeza ili asichoke. Mara kimya. Stima ikapotea. Ni kichekesho cha kwetu hicho: umeme unazalishwa kule Kiambere, hapo chini tu kwenye mto Tana, kisha unatupita juu ya vichwa kwenda kuwamulikia wengine. Baba mdogo akaichomoa biti ukutani, akailaza dirili mezani, akafanya kile ambacho kila mtu wa Majimbo hufanya. Alitoka nje akamwita jirani yetu kwa sauti, "Mama Kaari! Kwenu pia imepotea?" Wakaanza kuzilaani nguzo za stima, na kutoka nguzo wakahamia bei ya majani chai.

Mimi nikaitazama dirili. Biti ilikuwa imeelekea kwenye kiondo kilichokuwa mapajani mwa mama, na nyuzi zake zilikuwa zimetapakaa meza nzima. Niliinama, nikang'oa plagi, nikarudi kusimama karibu na mlango wa jikoni.

Stima ikarudi ghafla, kama kawaida yake. Redio ya Mama Kaari ikapiga kelele katikati ya wimbo, balbu yetu ikawaka. Baba akaitazama dirili, akageuka rangi, akaifikia kwa mkono wa kushoto. Kile kidude kilikuwa bado kimezama. Baba mdogo aliporudi, baba alimwonyesha kidude hicho, kisha akamwonyesha zile nyuzi na vidole vya mama.

"Bahati tu," baba mdogo alisema.

Hapo ndipo nilipomjibu mtu mzima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Si bahati. Nimeing'oa mimi."

Alinitazama kama aliyesikia kuku akiongea. Kisha akacheka. "Kung'oa unajua. Na kutoboa je? Huyu hatatoboa."

Kwetu neno hilo lina makali mawili. Kutoboa ni kutia tundu ukutani, na kutoboa ni kufaulu maishani. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, naye alijua. Masikio yangu yaliwaka, na aibu yangu yote ikageuka kitu kingine. Baba akasema polepole, "Akitoboa, dirili inabaki." Baba mdogo akampa mkono, akiwa bado anacheka.

Nilivaa miwani ya baba, nikafunga leso puani, nikazichomeka nywele ndani ya kofia, nikavua sweta lenye mikono mirefu. Nilihakikisha tundu halitakuwa juu ya swichi ya taa, maana nyaya hupanda humo ndani ya ukuta. Nikabonyeza swichi ya dirili, kidude kikatoka, ndipo nikachomeka plagi. Na bado nilikosea! Nilianza kwa kugonga, kwa kasi, na biti ikateleza juu ya jiwe ikachora mfereji.

"Hilo ni la panya," baba mdogo alisema, "si la skrubu."

Baba hakunisaidia, na namshukuru. Nilipiga alama kwa msumari, nikaanza upya bila kugonga, taratibu, hadi biti ikapata makao. Kisha nikageuza swichi ya nyundo na kusukuma kwa mwili wote, miguu imetanuka sakafuni. Kila mara niliivuta nyuma itapike vumbi, mpaka tepu niliyokuwa nimeizungusha kwenye biti kupimia kina ikagusa ukuta. Nikaweka plastiki ya kushikia skrubu, nikakaza ndoano. Baba mdogo akaishika kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia kama popo. Haikutikisika.

"Ukuta wenyewe ni laini," akasema, akatoka bila dirili.

Siku hizi shuleni, tukingoja mtihani wa fomu foo, yaani kidato cha nne, wasichana huandika "tutatoboa" kwenye mbao za vitanda. Mimi siandiki. Bado naogopa kusoma kwa sauti darasani, na bado wapo wanaume wanaoita dirili mikononi mwangu mchezo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, wahenga walisema. Nami naongeza kwamba hahitaji ruhusa ya kula. Ule mfereji wa panya upo sebuleni hadi leo. Mama alitaka kuuziba kwa simiti, nikakataa.

Lakini kesho yake ya Ijumaa ile, asubuhi kabla ya chai, nilisafisha matundu ya dirili kwa mswaki, nikafunga ufunguo kwa uzi mpya wa mama, mfupi kuliko ule wa kwanza. Kisha nikaibeba hadi kwa baba mdogo Njiru nikabisha hodi, mimi ambaye hukimbilia jikoni. Alifungua akiwa na mafla yake. Akaitazama dirili, akanyoosha mkono. Sikumpa.

"Vua hiyo mafla ndio unishikie ngazi," nikamwambia. "Gata zako ziko wapi?"

Akaivua, akaitundika kwenye msumari.

"Ni huku nyuma," akasema. "Pita, Maitu."