Mkono wa Mafuta wa Trekta la Sib

Enzi zetu, sie tuliotolewa Unguja wadogo baada ya Mapinduzi tukaletwa Maskati, pa kuogelea palikuwa birika la shamba. Tulikaa Sib, katika shamba la mitende na ndimu la Ami Nasor, kaka yake Baba, ambaye hajapata kutoka Omani na Kiswahili hakijui. Tukila mkate wa rukhal, mwembamba kama karatasi, kwa asali ya tende. Skuli ya watoto wa kike hakuna. Ukishahitimu msahafu, umesoma. Mchana kutwa tumo birikani. Vijana wa leo kiyoyozi kikizimika kidogo huona kiama kimefika.

Maji ya birika yakivutwa na trekta, kuukuu hata wakati ule. Kulima lilikuwa halilimi tena. Liliegeshwa kisimani, likafungwa ukanda mrefu wa kuzungushia pampu. Chini ya usukani lilikuwa na mkono wa mafuta: ukiuvuta injini inakaza, ukiurudisha inapoa. Mkono huo ulikuwa mgumu, tena ukilia. Baba, aliyekuwa karani maisha yake yote kabla Ami hajampa shamba alitunze, akautengeneza kwa namna ya watu wa kwetu: akaupaka mafuta ya nazi, wenyewe na kibati chake. Kwetu mlango ukilia ni mafuta ya nazi, mtoto akikohoa ni mafuta ya nazi, nywele ndo usiseme.

Basi mkono ukawa laini, laini kupita kiasi. Baba akiuvuta, akigeuka tu, mtetemo wa injini unaurudisha. Ukanda unapunguza mwendo, maji yanatoka matone. Akaufunga kwa ukili, ukakatika. Akaufunga kwa kipande cha kanga, kikafunguka. Miche ya ndimu ikaanza kunyauka. Sie kilichotukera ni birika kukauka, miche hatukuijali.

Ijumaa akaja Ami. Akaitazama miche, akasema kwa Kiarabu, bila ya hasira:

"Ijumaa ijayo nikikuta hivi, shamba nampa mtu mwengine. Wewe utakuja kukaa kwangu mjini. Mkeo na watoto warudi Unguja kwa mamake."

Baba hawezi kurudi Unguja, na sababu zake watu wa rika langu mnazijua. Mama anaweza. Mamake alikuwa hai, Malindi ya Unguja mjini, na haipiti siku Mama asimtaje, machozi yakimlenga.

Baba alihangaika na trekta siku zile zote, na Mama akimtazama tu kutoka mlango wa jiko. Hata Baba akashika tena chupa ya mafuta ya nazi, Mama akatoka.

"Baba Zuwena," akasema, na Zuwena ndiye mimi, "cherehani yangu napaka mafuta chuma. Ukanda siupaki. Nikiupaka utateleza, hauzungushi kitu."

Akanyoosha kidole kwenye trekta.

"Hicho kibati ndicho kinachoubana mkono. Umekitia mafuta, kitaubana vipi?"

Baba akafungua nati, akatoa springi na kibati, akavisuuza kwa petroli, akavifuta vikavu. Akakata duara la ngozi kwenye soli ya kubadhi lake bovu, akalipachika baina ya kibati na mkono, kisha akakaza. Akawasha. Mkono ukakaa pale pale alipouweka. Maji yakaja kwa nguvu, tukajitupa birikani na nguo zetu. Baba alicheka, na tulikuwa hatujamuona akicheka tangu Unguja. Mama akarudi jikoni.

Ijumaa Ami akaja, akaona maji, akala wali, akaondoka. Tukabaki Sib sote.

Siku hizi wajukuu zangu wanaokaa Al Khoudh, gari likiwasha taa nyekundu tu, hupiga simu wakakaa kwenye ubaridi kungoja fundi. Unguja wanakwenda kama mtu anayekwenda sokoni Matrah. Juzi mmoja kaenda Alkhamisi karudi Jumamosi, kaleta picha za chakula. Mama hakwenda tena. Mamake alikufa huko, na khabari ilitufikia watu wameshamaliza kuhani. Sikumsikia Mama akijuta, wala kusema kuwa alifurahi. Nami nilikuwa nna watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa alichokifanya siku ile alipotoka jikoni, maana angenyamaza tu angerudi kwa mamake, na mpaka leo kinaniuma.

Wajukuu huniuliza kwa nini hakurudi japo mara moja kumuona mamake. Nawaambia trekta lilitengemaa.