Siku Mama Alipoingia Uwanjani

Enzi zetu pale Igalula, msichana akishavunja ungo, mpira alibaki kuusikia redioni. Mama alinipa sheria siku ileile nilipovunja ungo, huku akinikabidhi vitambaa vya khanga kuukuu: "Kuanzia leo hukimbii. Ukirukaruka ovyo, kizazi kitalegea." Kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani, ajabu, hakukulegeza chochote.

Nami nilikuwa mshambuliaji, jamani, na shule ilikuwa inachagua timu ya wasichana ya kwenda kucheza Tabora mjini. Mchujo wenyewe ulikuwa kucheza na wavulana. Nilitaka nafasi ile kuliko wali wa sikukuu. Basi nikaaga kwamba nakwenda kuchuma mlenda, nikaficha kikapu kichakani, nikaingia uwanjani pekupeku.

Wavulana walikuwa hoi hata kabla ya filimbi. Walitoka nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, walikojificha kuvuta misokoto ya majani waliyoiba kwa baba zao ili waonekane wanaume. Wakawa wanakohoa kama mbuzi waliopaliwa na pumba. Sisi tukawa tunawapita tu.

Nikiwa na mpira mguuni, nikasikia watu wanapiga kelele. Kugeuka, mama huyo! Mwiko mkononi, bado una ugali, khanga kaikunja hadi magotini. Nilikimbia na mpira kwa sababu hata kuuacha sikukumbuka. Mama akampita beki wa kwanza, akampita wa pili. Kipa alipouona mwiko akaruka pembeni kuokoa maisha yake. Mpira ukaingia golini, nikaingia mimi, akaingia na mama.

Uwanja mzima ulimshangilia yeye, si mimi. Mwalimu wa michezo akasogea kwa adabu: "Shikamoo, mama."

Mama akahema, akawatazama wavulana wote aliowaacha nyuma, tabasamu likamponyoka. "Marahaba. Huyu mtafutie kaptula ndefu."

Nikaenda Tabora.

Leo mabinti wana jezi, raba, taulo za kike, na akina baba wa kuwapeleka mazoezini. Nafurahi, na wivu ninao pia. Sisi uwanjani tuliingia kwa kukimbizwa. Binti yangu anatazama mazoezi kwenye simu akiwa amelala kitandani. Juzi nikajaribu mbinu: nikamkataza kabisa kukimbia, nikitumaini ataasi.

Akanijibu, "Sawa, mama," akajifunika shuka.