Mama ameniogeshea gari

Niko ndani ya gari langu, nje ya kanisa, na siwezi kutoka.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjacheka.

Mama amekuja kutoka Nyeri kunitembelea. Leo asubuhi amechungulia dirishani akaona gari limejaa ile chumvi nyeupe wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Akasema hakuna mtoto wake atakayeenda kanisani na gari chafu.

Natoka kuoga, nakuta ameshaliosha lote kwa ndoo ya maji ya moto. Linang'aa.

Toronto. Mwezi wa Januari.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu. Tukaingia, nikaendesha hadi kanisani huku mtaa wa Weston, nikaegesha. Kumbe njiani maji yameganda kwenye milango. Yote minne imegoma. Madirisha nayo hayashuki. Nimesukuma kwa bega mpaka bega linauma.

Waumini wanapita wakitupungia mkono. Nasi tunawapungia. Tutafanyaje?

Mama yuko kiti cha nyuma, amepakata hotpoti ya chapati. Nimemwuliza kama anaogopa.

"Niogope nini? Chapati ndizo zinapoa."

Mwenye kujua dawa ya hii kitu aandike hapo chini, haraka.

Mzee mmoja wa kanisa ameelewa shida yetu, akakimbilia jikoni. Nikashukuru Mungu.

Sasa huyo anarudi na birika linafuka moshi.

Nimempungia mikono yote miwili kumkataza. Naye akanipungia.

Mama ametabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo," akasema, "alilelewa vizuri."