Jina Lililotolewa kwenye Wimbo

Amefariki yule mwimbaji wetu wa mtaa wa Lucky Summer, na sasa katika bendi yetu ya watu wanne nimebaki peke yangu, mimi wa gita la pili. Binti yake alinipigia simu asubuhi nikiwa kwa kinyozi. Akasema, "Anko, baba ameenda," halafu kabla sijampa pole akaongeza, "Na wasifu wake mimi sisomi, nakwambia mapema." Nikabaki na povu shavuni, sijui nilie kwanza au niulize kwanza. Tumeshazika, lakini kichwa changu hakijatulia, kwa hiyo wasomaji wangu mnivumilie.

Kwa kazi alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akapata nafasi kwenye mabanda ya vinyago upande wa Pumwani, akachonga twiga wa watalii mpaka viganja vikawa kama gome la mti. Mashairi aliyatunga akipiga msasa. Mkono ukienda na kurudi, mstari nao unaenda na kurudi mpaka ulainike. Wikendi tulipiga katika baa moja Buruburu. Mnaojua bendi za huku mnajua desturi: mwimbaji akifika katikati ya wimbo huanza kutaja watu. Anamtaja mwenye baa, anamtaja mwenye magari, anamtaja mzee aliyekaa mbele, na mzee anainuka kwa maringo. Huyu wetu alitaja watu wa nyumbani kwake tu. Alimtaja mkewe, akamtaja mama mkwe, akamtaja hata mtoto aliyekuwa bado tumboni, "wewe unayekuja." Jambo hilo lilimuudhi sana mwenye baa. "Kwani huyo mama mkwe wako anakunywa hapa?" alimwuliza siku moja. Akajibiwa, "Hanywi, ndiyo sababu hakuna mwingine atakayemtaja."

Wimbo uliotufanya tujulikane ulikuwa na jina la binti huyu, kifungua mimba wake. Alimwita kwa jina, halafu akaimba: nipanguse vumbi la mti, ndipo nijue nimefika. Hakutia chumvi. Mtoto alikuwa akimngoja mlangoni na kitambaa kila jioni. Kanda ikatoka, ikapigwa kila duka la Jogoo Road. Baada ya miezi kadhaa nikausikia redioni, gita langu lile lile, sauti yake ile ile, lakini jina la mtoto halipo. Mahali pake pamekaa jina la mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura. Mheshimiwa, nipanguse vumbi la mti! Wapambe wake wakaudaka ukawa wimbo wa kampeni, wakatueleza kwamba vumbi maana yake ni umaskini. Nilipomwuliza mwenzangu, hakuacha kupiga msasa. "Si wimbo ni ule ule?" akasema. Na kuanzia hapo hakumtaja tena mtu wa nyumbani kwake katika wimbo wowote. Nilidhani mapenzi yamepungua.

Basi kwa jina hilo kutolewa nilikuwa na wakosaji wangu, na wasomaji wa zamani mmeshawasikia hapa hapa kwenye safu hii. Wa kwanza ni mwenye studio kule mjini, ambaye angeweza kumwuzia mtu kivuli chake. Wa pili ni wapambe wa mheshimiwa. Binti naye alikuwa na mkosaji wake, mmoja tu, babake. Alikua, akasoma, akaolewa, huku akiamini kwamba aliuzwa. Nyumbani alifika, chakula alileta, lakini tangu utotoni hakukishika tena kile kitambaa.

Mkutano wa mazishi ulikuwa Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti wa kamati, mtu asiyevua tai hata jua likiwaka, akatangaza kwamba utapigwa wimbo wa marehemu, ule wa mheshimiwa, kwa sababu mheshimiwa atatuma mwakilishi. Binti akasimama. "Huo wimbo ni wangu. Upigwe ule wa kwanza wenye jina langu, ama mtafute mtu mwingine wa kusoma wasifu."

"Msichana wangu, hapa tunapanga mazishi, hatushtakiani."

"Mwenyekiti, niambie, aliyefiwa ni mimi ama ni mheshimiwa?"

Watu wakaficha vicheko kwenye leso. Nami nikainuka kumuunga mkono, nikaanza na mwenye studio kama kawaida yangu. Mjane akanikata. "Shemeji, keti. Huyo wa studio hana kosa kwa hili." Akamgeukia binti yake. "Unawakumbuka wale wanaume wa pale stage ya matatu, ulipokuwa darasa la saba?"

"Wale waliokuwa wakiniimbia?"

"Walikuimbia, wakakushika mkono, eti wewe ndiye wa wimbo, njoo ucheze. Babako aliwaendea. Wakamcheka. Wakamwambia, 'Mzee, si wewe uliyetuletea?' Kesho yake akarudi studio, akalitoa jina lako."

"Na mheshimiwa aliingiaje?"

"Wimbo ulitaka jina. Picha yake ya kampeni ilikuwa imebandikwa ukutani pale nje ya studio. Akaona jina lake linaingia vizuri."

Binti akauliza kwa sauti ya mtoto, "Na mbona hamkuniambia?"

"Mimi nilitaka. Yeye akasema ukijua utaiogopa njia ya shule. Akasema, 'Acha anikasirikie mimi, mimi nipo nyumbani.'"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na bado. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wazee. Huyu hakuchelea, na bado nadhani alilia, peke yake, pale kwenye vumbi lake. Kwa nini hakuniambia hata mimi? Labda aliujua mdomo wangu. Mwenye studio bado simpendi, ana mengine ya kujibu. Mheshimiwa naye barabara yetu hakuijenga. Lakini kwa hili nawataja wengine: wale wa stage, watu wazima wenye ndevu, ambao baadhi yao leo ni wazee wa kanisa na walikuja kumwaga udongo kaburini.

Siku ya kumuaga, binti alinijia nikifunga nyuzi za gita. "Anko, piga ile ya mheshimiwa." Nikamwangalia. "Piga tu," akasema. Akausoma wasifu mpaka mwisho, kisha akaimba nami, na kila tulipofika kwenye jina lile aliimba kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtiririka. Mwakilishi wa mheshimiwa akainuka, akapunga mkono. Mwenyekiti akapiga makofi. Mimi vidole vinakwenda, lakini sijui nacheka au nalia.

Sisi wanamuziki tuna msemo wetu, kwamba wimbo ukishatoka ni wa watu. Haya, uwe wa watu. Mtoto si wa watu. Wewe unayeshinda pale stage, msichana wa sare akipita mbele yako, hata kama jina lake unalijua, mwache apite.