Mzee Amefunga

Baada ya kumzika Mama, Baba alikataa kabisa kuja kukaa kwangu. Nilimpigia simu, nikamtumia nauli, nikamwendea mwenyewe Kilelengwani na kulia mbele yake, na jibu lilikuwa lile lile: nyumba haiachwi peke yake. Mimi si mtu wa kubembeleza sana. Nikamwambia basi, kaa na nyumba yako, nikarudi Garsen kwa hasira, na kila jioni nikiinua kijiko nikawa najiuliza na yeye kule anakula nini.

Kisha asubuhi moja, katikati ya Ramadhani, bodaboda ikasimama mbele ya kibaraza changu. Juu yake Baba, amevaa koti la kanisani katika jua la hapa, amepakata karai lililofunikwa leso ya Mama. Nikadhani ameniletea kambale.

"Mzee amefunga," akasema, kabla hata ya salamu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Mzee si Baba. Baba ni Baba. Mzee ni kobe. Aliingia uani kwetu mwaka mmoja wa mafuriko, mto ulipomfukuza kama ulivyotufukuza sisi, na Mama, aliyekuwa anasonga ugali, akamtazama anavyokuja, shingo mbele, hatua moja na kupumzika. Akasema huo ni mwendo wa mzee aliyesikia harufu ya chakula na hataki ijulikane kwamba ameisikia. Jina likakaa. Hakuna aliyemtia kamba wala kumjengea banda. Alikuwa akiondoka na kurudi apendavyo, na anaporudi Mama alimwekea mchicha na maganda ya tikiti, akampa habari zote za kijiji, nyingine sisi wanawe hatujazisikia mpaka leo.

Na kufunga alikosema Baba ni kufunga choo. Kuna watu wanaosema kukosa choo, na wakienda hospitali husema hawajaenda haja kubwa. Kwetu twasema amefunga, basi, na aliyewahi kufunga anaelewa.

Nikafunua leso. Mzee alikuwa ameingiza kila kitu ndani: kichwa, miguu, hata kile kimkia. Nikagonga gamba kidogo. Hakujibu.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kwanza alikuwa anakula bila kutoa. Sasa hata kula hali."

Nikamtengea Baba chai na mahamri. Akasema hawezi kula na mgonjwa hajala. Nikamtazama vizuri, nikaona koti lile limempwaya mabegani, na shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nikashikwa na hofu, na mimi nikishikwa na hofu hugomba. Nikamwambia kama amekuja kufa njaa kwangu achague mwezi mwingine, maana mimi ni fundi cherehani, Ramadhani ndiyo mavuno yangu, nina madera na kanzu za Idi zimejaa mpaka juu ya kabati. Akaniitikia kwa upole kwamba hakuja kwa sababu yake, amekuja kwa sababu ya Mzee. Nikanyanyuka nikaenda kutafuta dawa, kwa kuwa niliona wazi njia ya tumbo la baba yangu inapitia kwenye tumbo la kobe.

Katika duka la dawa za mifugo alikuwako kijana mmoja mstaarabu, kalamu sikioni. Nikamweleza. Akaandika "kobe" kwenye kipande cha boksi, akakitazama kwa muda.

"Uzito wake?"

"Kama sufuria ya pilau ikiwa tupu."

"Dawa zetu tunapima kwa kilo, mama. Ng'ombe kilo, mbuzi kilo. Sasa huyu ana gamba. Gamba nalo tunalihesabu?"

Nikamwambia kwamba nimekuja kuuliza, si kuulizwa. Akacheka, akatoa simu, akatafuta, akanisomea pole pole: awekwe kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kila siku, maji yasipite kidevu. Apate jua na atembee. Apewe papai, tikiti, mchicha. Asinyweshwe mafuta wala kufinywa tumbo. Asipewe ugali wala mkate. Niliyashika yote, nikashukuru, nikaondoka huku nawaza kidevu cha kobe kiko wapi.

Nilipofika nyumbani, jirani yangu alikuwa kwenye ua wa makuti unaotutenganisha. Ni Muorma, mwenye roho nyeupe na masikio makali, na bodaboda haisimami kwangu bila yeye kujua imeshusha nani.

"Dada, nasikia mzee nakuja."

"Amekuja. Lakini amefunga."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Mzee nafunga?"

"Siku nyingi sasa. Hagusi kitu."

"Mashallah," akasema, na sauti ikamlainika.

Nilishangaa kidogo, maana mashallah si neno la kumpa mgonjwa. Lakini Kiswahili chetu hapa Garsen kila mtu anakibeba alivyokiokota, ukianza kumkagua mwenzio hamtaongea.

"Na nafungua na nini?" akauliza.

"Papai, tikiti maji, na maji ya uvuguvugu."

"Hiyo kidogo. Mtu mzima nataka kitu nzito."

"Kitu kizito ndicho kitamwua."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na nafungua saa ngapi?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu najua," akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mtu asiye na habari, "lakini hata redio nasema. Ni magharibi."

Nikamwitikia tu. Nilikuwa na papai la kumenya na mteja anayedai dera lake.

Jioni tukamtia Mzee majini. Baba alivua koti na viatu, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya karai. Akawa anateka maji kwa kiganja anammwagia gambani, kisha joto likimzidi anajipangusa uso na kichwa kwa mikono ile ile yenye maji, huku anaimba chini kwa chini wimbo wa kanisani. Mzee alitoa kichwa akatazama, akakirudisha. Kidevu hatukukiona.

Hapo ndipo jirani alipoingia na mumewe. Yeye amebeba sinia limefunikwa, mume amebeba birika la maziwa na sahani ya tende. Mume ni mtu mzima, mfugaji, ndevu zina hina, na si mtu wa kuingia nyua za watu. Walipomwona Baba amepiga magoti, mikono imelowa mpaka viwikoni, maji yanamtiririka usoni, wakasimama kwa adabu wakingoja amalize.

"Salaam aleikum, mzee," akasema yule mume.

"Aleikum salaam," Baba akajibu. Hajabadili dini. Ndivyo alivyozoea, kila mtu humrudishia salamu aliyomletea.

Waliangaliana, mke na mume, na mume akaketi kwenye ukingo wa mkeka. "Tumesikia habari. Tumefurahi sana."

"Mmefurahi?" Baba akauliza.

"Ni jambo kubwa. Mwanzo tumbo nasumbua. Baadaye nazoea."

"Limeshazoea, ndugu yangu, ndiyo tabu yenyewe. Tukimwacha azoee zaidi atakufa."

"Nani nakufa?"

"Mzee."

"Mzee ni wewe."

"Mimi ni mzee," Baba akasema kwa subira, "lakini Mzee ni huyu." Akaingiza mikono kwenye karai, akamtoa kobe anachuruzika maji.

Adhana ikaanza. Yule mume, kwa mazoea ya maisha yake yote, akachukua tende moja akamnyooshea Baba. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipeleka mdomoni kwa kobe.

Ndipo akili yangu ikafunguka, na nilitamani ardhi inimeze. Mzee wa kanisa, aliyekusanya sadaka Kilelengwani tangu sijaota meno, nimemfungisha Ramadhani kwa kinywa changu mwenyewe. Nikasema haraka haraka, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba ni choo, ni kobe, kobe ndiye amefunga choo.

Jirani akajifunika mtandio mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Mume hakucheka. Alimtazama kobe kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye nafunga?"

"Ni huyu," Baba akasema.

"Siku nyingi?"

"Nyingi."

"Bila daku?"

Kisha akanywa funda la maji la kufuturu, na lile funda likamtokea puani. Alicheka akalala chali kwenye mkeka, mtu mzima mwenye ng'ombe. Baba naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msibani, na nilisimama pale na kitambaa mkononi nikakisikiliza mpaka kikaisha.

"Chakula ikitoka nyumbani hairudi," jirani akasema, akafunua sinia. Sambusa, maharagwe ya nazi, tambi, mapapai mawili yaliyokatwa. Tukakaa. Baba alimsogezea kobe kipande cha papai, yeye mwenyewe hakugusa kitu.

"Na wewe," jirani akamwuliza, "huko kwako nakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na kobe."

Mume akarudisha sambusa kwenye sinia. Nami moyo ulinilipuka, kwa maana nilijua njaa inaweza kumfikisha mtu mbali, lakini si baba yangu, na si huko. Baba akatutazama mmoja mmoja, hajui amekosea wapi.

"Nasonga," akaeleza, "nakata vipande viwili. Kimoja chake, kimoja changu. Tunakula. Mboga alikuwa anachuma yeye." Hakusema yeye ni nani. "Sikuwahi kumwuliza alikuwa anachuma wapi."

Nilikumbuka maneno ya yule kijana wa dukani, asipewe ugali, na nikaona meza ile ya Kilelengwani, wazee wawili na donge kavu, mmoja chini mmoja juu ya kigoda, na shamba la mchicha labda hatua chache nyuma ya jiko. Niliumia. Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia, na kwa kuwa kukumbatiana hatukuzoea, nikagomba.

"Na wewe, Baba, tumbo lako likoje?"

"Nimemleta Mzee."

"Sikuuliza Mzee. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akainamia karai. Mbele ya majirani, mbele ya binti yake, akaona haya kama mwari. "Na mimi," akasema pole pole, "nimefunga."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mume alivuta sahani yote ya papai akaiweka mbele ya Baba, akaongeza bakuli la maziwa. "Basi mko wawili," akasema. "Bismillahi, fungua." Na Baba akala. Alikula kama mtu anayejaribu kiatu kipya, kwanza kidogo, kisha akasahau kwamba anajaribu.

Kesho yake, karai la pili, Mzee alifungua. Nilisikia Baba ananiita, nikatoka mbio futi ya kupimia ikiwa shingoni, nikamkuta amesimama juu ya maji yaliyochafuka, uso umemwangaza. Kwanza kilitoka kitu kigumu cheupe kama chokaa, kisha kikafuata kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kingi. Jirani aliitwa aje kuona. Alikuja, akaona, akasema alhamdulillahi, akaziba pua. Juu ya tumbo lake mwenyewe Baba hakutoa taarifa yoyote, lakini alikaa chooni muda mrefu mchana ule, na alipotoka aliwasalimu kwa moyo wateja wangu wote, hata yule anayenidai dera.

Zikapita siku. Mzee akawa anazunguka ua, anakula mchicha ninaounyunyizia maji, anapita chini ya makuti kwenda kwa jirani na kurudi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nikampa Baba kazi ya kuumwagilia ule mchicha. Aliifanya bila neno. Kisha asubuhi moja nikamwona amekaa kwenye kiti uani, amekwisha kuvaa viatu.

"Nyumba haiachwi peke yake," akasema.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja ili nisiseme la kwanza lililonijia. "Mzee hawezi kurudi kwenye ugali, Baba. Utamwua."

"Najua. Nitamwacha hapa kwako."

Akainuka. Hakwenda popote. Tulimtazama Mzee aking'ata jani, akilivuta, akipumzika, akiling'ata tena.

"Nikimwacha, atakula na nani?"

"Na sisi. Mimi niko hapa. Jirani yuko."

"Hajazoea kula peke yake," akasema, kana kwamba hakunisikia.

"Najua, Baba."

"Anakula, lakini chakula hakimfiki."

"Najua."

Kisha akakaa tena kwenye kiti, akainama kulegeza kamba za viatu, akauliza leo tunapika nini.